Mayowe Yakipungua, Kazi Imeharibika?

Blut aus Nord ni kundi la Ufaransa linalopiga blaki metali, yaani roki nzito ya giza na mayowe. Huku Tandahimba huwezi kuisikia harusini, lakini ubishi wa mashabiki wake unatuhusu sisi tunaoandika.

Kundi hilo lilitoa albamu tatu zinazofuatana, 777. Mwaka 2011 zilitoka Sect(s) na The Desanctification. Mwaka 2012 ikafunga Cosmosophy. Nyimbo zote zinaitwa Epitome, zikitofautishwa kwa namba tu, I hadi XVIII.

Ile ya tatu ndiyo iliyowagawa mashabiki. Kuna waliosema eti jamaa wamelegea: mwendo wa pole, na palipokuwa na mayowe sasa kuna uimbaji laini. Wengine wakasema hapo ndipo kazi ilipokamilika.

Mimi niko na hawa wa pili. Namba hazianzi upya. Cosmosophy inafungua na XIV, kwa hiyo ni sura inayoendelea, si kitabu kingine. Ukiisikiliza peke yake, kweli imepoa. Lakini ukiifikia umetoka kwenye vurugu za zile mbili, upole ule unatisha. Unajiuliza nini kimekwisha.

Washkaji, tumelelewa na riwaya za Willy Gamba za Elvis Musiba, ambamo risasi ndizo humaliza ubishi. Si vibaya. Ila kabla hujaongeza risasi kwenye sura yako ya mwisho, rudia kusoma ya kwanza. Je, ilizidai?