Mwinuko, Rezonansi au Chembe? Uhakiki wa Istilahi za Utafutaji wa Hali Zinazofanana na Chamoniamu

Makala haya yanahakiki mazoea ya kuita "chembe mpya" kila mwinuko unaojitokeza katika data za migongano ya elektroni na positroni. Mazoea hayo yanafuta hatua ambazo wanafizikia huzitenganisha kwa makini.

Chamoniamu ni mfumo wa kwaki chamu na antikwaki yake. J/ψ, iliyogunduliwa mwaka 1974, ndiyo mfano wake mashuhuri. Mwaka 2005, jaribio la BaBar huko California, Marekani, liliripoti mwinuko karibu na megaelektronivolti 4260 katika matukio yaliyozaa J/ψ pamoja na pioni mbili. Ukapewa jina la Y(4260). Kwa kuwa sifa zake hazikuoana na zile zilizotarajiwa kwa chamoniamu ya kawaida, ulihesabiwa miongoni mwa hali zinazofanana nayo. Mwaka 2017, jaribio la BESIII huko Beijing lilichapisha vipimo vya kina zaidi vya matukio ya aina hiyohiyo, nishati ya mgongano ikibadilishwa hatua kwa hatua. Kilichodhaniwa kuwa kimoja kikaelezeka vyema kwa rezonansi mbili: moja karibu na 4222, nyingine karibu na 4320.

Aliyekwisha kuandika "chembe Y(4260)" katika kitabu cha kiada ana nini cha kusahihisha? Data za mwanzo hazikuwa na kosa. Istilahi yake ndiyo iliyoahidi kupita ushahidi. Neno "mwangwi" nalo halifai. Mwangwi ni sauti inayorudi, ilhali rezonansi hapa ni hali ya muda mfupi mno inayobadilisha uwezekano wa mgongano kuzaa matokeo fulani nishati inapokaribia kiwango chake.

Hata kitenzi "-fanana" kina uzito. Zc(3900), iliyoripotiwa mwaka 2013, ina chaji ya umeme. Kwaki chamu na antikwaki yake pekee haziwezi kuizaa chaji hiyo. Tafsiri iliyozoeleka inadai angalau kwaki nne, lakini namna zinavyoshikamana bado inabishaniwa. Kuiita "chamoniamu" tu ni kupotosha.

Tunapendekeza wasanifu wa istilahi na mitaala watenge ngazi tatu: "mwinuko" kwa kinachoonekana kwenye grafu, "rezonansi" kwa fasiri yake, na jina la muundo pale tu muundo unapothibitika. Mwanafunzi atakayesoma hivyo atajua pia kiasi cha uhakika kilichopo.