Visikizi vya Bei Nafuu: Kipimo Kiwe Simu, Si Muziki

Sanduku la visikizi visivyo na waya vinavyouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ya mtu wa kawaida limejaa sifa: Bluetooth 5.3, besi nzito, saa 30 za chaji. Nyingi kati ya sifa hizo zinahusu muziki, kazi ambayo vifaa hivi tayari vinaifanya vizuri. Nikizungumzia vile vya kati ya shilingi 30,000 na 70,000 za Tanzania, nashikilia kwamba sauti ya muziki haitoshi tena kutenganisha kizuri na kibaya. Vinavyotenganisha ni vitu vitatu ambavyo mnunuzi havioni akiwa dukani: maikrofoni, namna kifaa kinavyokaa sikioni, na umri wa betri. Kiwanda kilipotaka kushusha bei kilibana huko, na mtu anayevaa kifaa kutwa nzima ataumia huko huko.

Tuanze na jinsi bei ilivyoshuka. Visikizi vya Bragi Dash, vilivyochangiwa fedha na umma kupitia Kickstarter mwaka 2014, viliuzwa kwa dola 299. Apple ilipotangaza AirPods zake Septemba 2016, bei ilikuwa dola 159. Kigumu zaidi wakati ule kilikuwa kuyafanya masikio mawili yapate sauti kwa wakati mmoja bila waya wa kuyaunganisha. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth, hivyo kupitisha sauti kutoka sikio moja hadi la pili kukiwa na kichwa katikati kulihitaji ufundi wa gharama. Baadaye watengenezaji wa chipu, wakiwemo Airoha wa Taiwan pamoja na JieLi na Bluetrum wa China, waliweka redio, kichakata sauti na usimamizi wa chaji ndani ya chipu moja ndogo ya bei ya chini. Viwanda vya Shenzhen vilibaki na kazi ya kuongeza ganda la plastiki, betri na kasha. Spika yenyewe haikuwahi kuwa ghali: ni sumaku, koili ya waya mwembamba na utando, ufundi unaofahamika vizuri tangu miaka ya 1920. Hata kodeki (mfumo wa kubana sauti) ya SBC, ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth lazima kiwe nayo, inaweza kubeba takriban kilobiti 328 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kabisa kwa mtu anayesikiliza taarabu au bongo fleva ndani ya daladala.

Namba ya Bluetooth iliyoandikwa kwa herufi kubwa haibadilishi hesabu hiyo. Toleo la 5, lililotoka Desemba 2016, lilisifiwa kwa kasi maradufu na umbali mara nne, lakini maboresho hayo yalihusu Bluetooth ya nishati ndogo, ile inayotumiwa na saa za mkononi na vipimo vya mwilini. Muziki uliendelea kupita njia ya zamani. Njia mpya ya sauti ipo, inaitwa LE Audio, ila simu na visikizi lazima vyote viwe nayo. Anayeongeza pesa ili atoke 5.1 afike 5.3, bila sababu nyingine, amelipia namba.

Sasa tupige simu, maana hapo ndipo kifaa kilichokuwa kikiimba vizuri kinaweza kuaibisha. Njia ya muziki katika Bluetooth ni ya upande mmoja: sauti inatoka kwenye simu kwenda sikioni, basi. Mazungumzo yanahitaji pande mbili, kwa hiyo simu ikipokelewa tu, visikizi huiacha njia ya muziki na kuhamia njia ya mazungumzo, ambayo ni finyu zaidi. Kwa mfumo wake wa zamani, njia hiyo huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na kwa kanuni za fizikia haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Mfumo ulioboreshwa huchukua sampuli 16,000. Tofauti hii inamgusa kila anayeongea. Kinachotofautisha s na f kiko kwa sehemu kubwa juu ya hezi 4,000. Kikikatwa, “sumbua” na “fumbua” hukaribia kusikika sawasawa, na anayesikiliza hubaki kukisia kutokana na maneno ya kando. Simu za WhatsApp nazo hupita njia hiyo hiyo kati ya simu na sikio, kwa hiyo kuongeza bando hakutibu kitu.

Maikrofoni nayo imewekwa mbali na mdomo, pembeni ya shavu. Ukichunguza kisikizi chenye mguu utaona chini kabisa tundu linalolingana na ncha ya sindano, na kwa baadhi ya vifaa kuna tundu la pili juu, karibu na sikio. Yakiwa yote mawili ni ya maikrofoni (la pili laweza kuwa la kupitishia hewa tu, kwa hiyo isomwe karatasi ya maelezo), yanafanya kazi moja kwa kusaidiana. Sauti ya mdomo hulifikia tundu la chini kwanza na kwa nguvu zaidi. Honi ya mbali huyafikia yote kwa nguvu karibu sawa. Chipu ikilinganisha sauti hizo inaweza kupunguza honi na kuyaacha maneno. Kifaa chenye maikrofoni moja hakina cha kulinganisha. Kinakisia tu kelele ni ipi, na kikikosea kinakata maneno pamoja na honi, ndiyo maana mtu wa upande wa pili anasikia sentensi iliyokatika vipande.

Herufi tatu za ENC kwenye sanduku zinahusu kazi hiyo, na zimewapotosha wanunuzi wengi. ENC husafisha sauti yako kwa ajili ya unayeongea naye. Haikupunguzii wewe kelele hata kidogo. Inayokupunguzia wewe ni ANC, na hiyo hufanya vizuri zaidi kwenye mngurumo wa chini usiobadilika, kama wa injini ya basi au feni, kuliko kwenye sauti za watu. Kwa bei tunayoizungumzia, ANC ikiwepo mara nyingi ni hafifu. Naona ni heri fedha hiyo iende kwenye maikrofoni ya pili.

Yupo atakayesema kwamba watu hununua visikizi kwa ajili ya muziki, na simu ni nyongeza. Hoja hiyo ina uzito kwa anayevivaa akiwa chumbani jioni tu. Lakini hapa nazungumzia matumizi ya kutwa nzima. Mwenye duka anayepokea oda kwa simu huku mikono ikipanga bidhaa, fundi anayetuma ujumbe wa sauti akiwa juu ya ngazi, mama anayeongea na mwanawe aliye Muscat huku anapika: hawa wananunua mikono huru. Muziki ukipungua kidogo besi, hakuna kilichoharibika. Bei ya mzigo ikisikika vibaya, kuna hasara.

Kitu cha pili ni jinsi kifaa kinavyoziba sikio. Besi inayosifiwa kwenye sanduku haipo kama mpira wa silikoni haujaziba vizuri, kwa sababu sauti za chini huvuja kupitia mwanya mdogo tu. Visikizi viwili vinaweza kuwa na spika zinazofanana kabisa, kimoja kikaonekana kizuri na kingine kibovu kwa sababu ya mpira peke yake. Kwa hiyo jozi tatu za mipira, ndogo, ya kati na kubwa, zina thamani kuliko milimita za spika zinazotangazwa. Na kuziba kunahusu afya. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kisikizi cha plastiki ngumu kinachoning'inia mlangoni mwa sikio kinaacha kelele za barabarani ziingie, na anayekivaa huongeza sauti ili izishinde. Asubuhi na jioni ndani ya matatu, kila siku ya kazi, saa hizo zinaisha haraka.

Ni kweli kwamba sikio lililozibwa halisikii pikipiki inayokuja nyuma. Hatari hiyo siipuuzi, na jibu lake ni kuvaa kimoja tu unapotembea na kuvua vyote unapovuka. Karibu vifaa vyote vya leo hukubali kutumika kimoja, na uhakika wa hilo upatikane kabla ya kununua.

Betri ndiyo inayoamua bei ya kweli. Seli iliyo ndani ya kisikizi ni ndogo mno, mara nyingi ya miliampia-saa 30 hadi 60, na imefungwa kwa gundi bila njia ya kuibadilisha. Seli za lithiamu za aina hii kwa kawaida hushuka hadi karibu asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya chaji, na joto huharakisha kushuka huko. Kifaa cha saa 4 kwa chaji moja kikitumika saa 8 kwa siku hufanya mizunguko miwili kila siku. Cha saa 8 hufanya mmoja. Kwa hiyo cha pili, hata kikiuzwa ghali zaidi kidogo, hukawia kuchoka karibu mara mbili. Zile saa 30 za sandukuni ni jumla ya kasha na visikizi, tena kwa sauti ya wastani, na hazimwambii mnunuzi jambo hili. Kusema kwamba kikifa utanunua kingine kunasahau kwamba bei ndogo inayolipwa kila mwaka si ndogo, na kwamba hatuna mahali pengi pa kupeleka betri zilizokufa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la waya. Hedifoni za waya za bei ya chini kabisa hazina betri ya kufa, na maikrofoni yake waweza kuisogeza mdomoni kwa mkono. Mwenye simu yenye tundu la hedifoni, ambaye kazi yake haimlazimu kutumia mikono yote miwili, anapata zaidi kwa fedha kidogo, na simshauri anunue visivyo na waya kwa sababu ya fasheni.

Kwa anayevihitaji kweli, uamuzi wangu ni huu: achague vyenye maikrofoni mbili kila upande, mipira ya saizi tatu, saa zisizopungua 6 kwa chaji moja na kinga ya IPX4 dhidi ya jasho na manyunyu, hata kama besi yake ni ya kawaida. Na kabla ya kulipa, amwombe muuzaji aunganishe visikizi na simu, asimame nje ya duka kando ya barabara, atume ujumbe mfupi wa sauti kupitia visikizi hivyo, kisha ausikilize kwa spika ya simu. Kama maneno yake mwenyewe hayaeleweki, avirudishe kaunta.