Remmy Yupi Tunayemlilia? Kifo, Kumbukumbu na Wasikilizaji wa Mwambao wa Tanganyika

Remmy Ongala alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kila Desemba inapofika, wapenzi wa muziki wa dansi humkumbuka: redio hurudia nyimbo zake, watu hutumiana picha zake za rasta ndefu, na wale waliomwona jukwaani husimulia upya. Huku kwetu mwambao wa Tanganyika, kuanzia Rumonge kushuka hadi Nyanza-Lac, kumbukumbu hizo zipo pia, ingawa hazina jukwaa wala maspika makubwa. Zipo kwenye simu za vijana waliorithi nyimbo kutoka kwenye kanda za baba zao, na kwenye maongezi ya wazee wanaosubiri mitumbwi ya dagaa alfajiri.

Makala hii haikusudii kuongeza sifa juu ya sifa. Inakusudia kuuliza swali la kihakiki: tunapomlilia Remmy, tunamlilia Remmy yupi? Hoja yangu ni kwamba namna tatu za kumkumbuka zilizozoeleka, yaani Remmy mtabiri, Remmy aliyetubu na Remmy kama jina tu, zote zinakwepa jambo moja, nalo ni matini ya nyimbo zenyewe. Na kwa watu wa Rumonge, kuikwepa matini hiyo ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Msanii wa njia ya ziwa

Kwa asiyemjua, maelezo machache yatatosha. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, akawa yatima mapema, akaanza muziki akiwa kijana. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaingia Matimila, bendi ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila. Mwaka 1988 alizunguka na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza. Hivyo sauti ya mtu wa Kindu ikasikika Ulaya kwa magitaa ya umeme na kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho ndicho kinachomfanya awe wa kwetu. Safari yake inafanana na safari za wengi wa mwambao huu, isipokuwa kwamba wa kwetu hawakwenda kutafuta bendi. Mwezi Aprili 1972 machafuko yalizuka kusini mwa Burundi, Rumonge ikiwemo, na ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno na kuwafukuza wengine nchini. Maelfu waliishia makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania. Walipoanza kurejea kwa wingi mwaka 2008, hawakuleta mabati na vyerehani tu. Walileta lugha waliyokulia na muziki waliousikiliza kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Ndiyo maana mtu wa Rumonge mwenye miaka sitini anaweza kumjua Remmy kuliko anavyowajua waimbaji waliovuma Bujumbura.

Remmy mtabiri

Namna ya kwanza ya kumkumbuka ni kusema kwamba alijitabiria. Katika albamu hiyo ya 1989 kuna wimbo uitwao "Kifo", na tangu afariki wimbo huo umekuwa ndio wimbo wake wa msiba. Wasikilizaji husema aliona mbali, akajililia mwenyewe kabla ya wakati.

Usomaji huu una utamu wake, lakini hauna msingi. Mtu aliyezika wazazi wake akiwa mtoto hahitaji utabiri ili aimbe juu ya kifo. Zaidi ya hapo, wimbo wenyewe haujengwi kama utabiri. Umejengwa kama mbolezi. Nafsineni anakigeukia kifo na kukisemesha kama mtu aliyesimama mbele yake, anakilalamikia, anakiambia kwamba hakina huruma. Mbinu kuu hapa ni tashihisi ikisaidiwa na takriri: jina la kifo linaitwa na kuitwa tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mdeni asiyetaka kutoka. Anayetabiri huitazama kesho. Anayeomboleza huihoji jana, na Remmy katika wimbo huu anahoji.

Jambo la pili linalosahaulika ni muziki. Magitaa hayalii. Yanakimbia, yanajibizana, na baada ya maneno bendi inaingia kwenye mchezo kamili ambao watu huucheza. Mwanafunzi mwenzangu anaweza kusema huo ni mgongano wa fani na maudhui: maneno ya kilio, mdundo wa furaha. Sioni hivyo. Katika mila zetu za Kirundi kuna hatua iitwayo kuganduka, sherehe ya kufunga msiba, ambapo ndugu na jirani hukusanyika, hunywa, na waliofiwa huruhusiwa kurudi katika maisha ya kawaida. Kilio na ngoma hukutana hapo bila ugomvi. Muundo wa "Kifo" unafuata mantiki inayofanana: kwanza shtaka, kisha mwili unaruhusiwa kucheza.

Hapa ndipo uzito wa wimbo huu kwa Rumonge unapoonekana. Familia nyingi zilizopoteza watu mwaka 1972 hazikupata mwili wa kuzika, wala matanga ya hadharani, wala kuganduka. Tume ya Ukweli na Maridhiano imekuwa ikifukua makaburi ya pamoja katika miaka ya karibuni tu, nusu karne baadaye. Mtu aliyenyimwa matanga akisikia redioni, ugenini, sauti inayokishtaki kifo kwa jina, anapata kwa dakika chache kile alichonyimwa. Wazee kadhaa waliorejea wameniambia kwamba wimbo huo waliupenda kabla mwimbaji hajafa, na kwamba hawakuupenda kwa ajili yake. Waliupenda kwa ajili ya watu wao. Maelezo hayo yanatosha kuuweka kando usomaji wa utabiri.

Udhaifu wa tashihisi

Uhakiki usioona upungufu unakuwa tangazo la biashara. Kwa hiyo niseme wazi kwamba mbinu ile ile inayoupa wimbo nguvu ndiyo inayoupa udhaifu wake. Wasikilizaji wengi huufasiri "Kifo" kwa kauli ya kwamba kifo hakichagui tajiri wala maskini. Kauli hiyo ni ya faraja, lakini katika mwambao huu haina ukweli kamili. Mwaka 1972 kifo kilichagua. Kilikuwa na orodha, na orodha zilikuwa na waandishi. Ukikifanya kifo kiwe mtu na kukitupia lawama zote, aliyeshika silaha anapita nyuma ya mgongo wa tashihisi na kwenda zake.

Hili si shtaka dhidi ya Remmy, ambaye hakutunga kwa ajili yetu. Ni onyo kwa sisi tunaotumia wimbo. Hata hivyo, lina upande wa pili. Kulikuwa na miaka mingi ambapo kumtaja muuaji, au hata kumtaja marehemu, kulikuwa hatari. Katika mazingira hayo tashihisi haikumficha muuaji tu, ilimhifadhi pia mwombolezaji. Mtu angeweza kukiimba kifo mbele ya jirani yoyote bila kuulizwa anamlilia nani. Mbinu moja ya fani, basi, ilifanya kazi mbili zinazopingana, na msikilizaji makini hana budi kuziona zote mbili. Waswahili husema kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Remmy ana wimbo wenye jina hilo la kilio cha samaki, na sishangai kwamba watu wanaoishi kwa samaki wanauelewa bila mwalimu.

Remmy aliyetubu

Namna ya pili ya kumkumbuka imeletwa na miaka yake ya mwisho. Baada ya kupata kiharusi, Remmy aliokoka, akaacha dansi na kuimba injili. Baadhi ya mashabiki, hasa walio katika makanisa ya uamsho, hushikilia kwamba heshima kwa marehemu ni kusikiliza nyimbo zake za mwisho tu, kwa kuwa zile za awali alizikana mwenyewe. Wengine hufanya kinyume: huufuta wokovu wake kana kwamba ni ugonjwa uliozungumza badala yake.

Pande zote mbili zinachagua nusu ya mtu. Ni kweli kwamba kati ya "Mambo kwa Soksi" na injili kuna umbali. Wimbo ule uliwahimiza watu kutumia kondomu wakati Ukimwi ulipokuwa bado ukitajwa kwa kunong'ona, na Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Lakini tukifuata dhamira badala ya aina ya muziki, umbali unapungua. Anayesema na walevi wa ukumbini kuhusu soksi na anayesema na waumini kuhusu roho ni mtu yule yule anayemwendea mnyonge na kumwambia: jilinde. Jina la albamu ya 1989 lilikwisha kutamka kwamba anaimbia maskini. Kukata maisha yake vipande viwili ni kutosikia uzi huo mmoja.

Mfano wa nje unasaidia. Farrokh Bulsara, aliyejulikana duniani kama Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kufariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana Ukimwi. Mashabiki wake waliandika ujumbe kwenye ukuta wa nyumba yake London kwa miaka mingi, na mwezi Aprili 1992 uwanja wa Wembley ulijaa kwa tamasha la kumkumbuka. Zanzibar, kwa upande wake, sherehe iliyopangwa mwaka 2006 kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi la kidini, nayo haikufanyika. Leo watalii hupiga picha mbele ya nyumba yenye jina lake, Shangani. Jina limekaribishwa, mtu bado anajadiliwa mlangoni.

Jina bila sauti

Mfano huo unatuleta kwenye namna ya tatu, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwa kuwa haina nia mbaya. Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kiitwacho Sinza kwa Remmy. Maelfu ya watu hushuka hapo, na vijana wengi miongoni mwao hawawezi kutaja nyimbo zake tatu. Hiyo ni kumbukumbu, lakini ni kumbukumbu ya anwani.

Sisi wa Burundi tusijione bora. Wiki chache baada ya Remmy, mwezi Januari 2011, Christophe Matata alifia Afrika Kusini, na nchi ikampoteza mmoja wa waimbaji wake wapendwa kabisa. Tulilia. Lakini ni lini darasani tumekaa na maneno ya Matata au ya Remmy kama tunavyokaa na diwani za mashairi? Mtaala wetu wa fasihi ya Kiswahili unatufundisha vina na mizani, na kwa kipimo hicho nyimbo za Remmy zinafeli: mistari yake haina urari, mara nyingine anaacha kuimba na kuanza kuongea kama mtu aliye barazani. Badala ya kuuliza kwa nini mtunzi aliacha mizani, tunahitimisha kwamba hakuijua. Jibu langu ni kwamba aliacha kwa sababu alitaka msikilizaji asisikie shairi, asikie jirani anayemsemesha. Kuongea katikati ya wimbo si kasoro katika nyimbo zake. Ndiko kunakomfanya mkimbizi wa Mishamo aamini kwamba anayeambiwa ni yeye.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Remmy mtabiri, Remmy aliyetubu na Remmy wa kituo cha daladala ni njia tatu za kumlilia mtu bila kumsikiliza. Remmy ninayempendekeza ni mtunzi wa mbolezi, aliyewapa wasikilizaji wa Kiswahili lugha ya kukishtaki kifo hadharani, pamoja na mipaka ya lugha hiyo. Kwa Rumonge, ambako bado kuna familia zinazosubiri kujua wapendwa wao wamelala wapi, mtunzi wa namna hiyo si wa burudani tu.

Kuna kazi moja iliyo ndani ya uwezo wetu sisi wanafunzi. Kanda za wazee waliorejea zinaharibika kwa joto na unyevu wa ziwa, na wazee wenyewe wanapungua. Tukizikusanya, tukayaandika maneno ya nyimbo, na tukawauliza wenye kanda walimlilia nani walipousikia kila wimbo, tutakuwa na matini mbili kwa pamoja: ya mtunzi na ya wasikilizaji wake. Hiyo ya pili haipo katika maktaba yoyote, na ndiyo inayoondoka kwanza.