Sons of Sindbad: Na Waliokaa Chini Je?

Desemba 1938, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda bumu la Wakuwait pale Aden, akashuka nalo hadi Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka 1940 na bado kinasomeka, kwa sababu aliishi chomboni miezi kadhaa. Anaelewa kwamba kaskazi ikishakuleta huku, hurudi Ghuba mpaka kusi ianze. Basi bumu linakuwa nyumba, jiko na duka. Mabaharia hawana mshahara, wanangoja mgao wa faida, na wakingoja wanauza vijibidhaa vyao bandarini. Likizo ya kukimbia baridi? Wapi!

Lakini kuna mlango Villiers hafungui. Abiria wanawake waliwekwa chumba cha chini, nyuma ya chombo, na kitabu kinabaki juu na wanaume. Kamba na tanga tunazijua vizuri, ila safari ya wale wa chini tunaisikia kwa mbali tu.

Ndiyo maana msomaji wa Parklands, mtaa wenye familia nyingi ambazo wazee wao walivuka bahari hii, akisome pamoja na We Came in Dhows ya Cynthia Salvadori (1996). Abiria si wale wale, na zile juzuu tatu hazina mtiririko wa Villiers. Zina kitu alichokikosa: familia za Kihindi zikijisimulia zenyewe.

Anza na Villiers ujue chombo kinaendaje. Ukimaliza Salvadori, kamuulize nyanya yako angali yupo.