"Utaratibu Uliohifadhiwa": Istilahi Isiyofanya Kazi Yake

Mwalimu mmoja wa somo la kompyuta huko Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, ametuuliza kwa nini wanafunzi wake, kila wasomapo kwamba programu "huita utaratibu uliohifadhiwa", hudhani utaratibu huo hutoka katika kanzidata ukaja kutenda kazi ndani ya programu. Tumelipima swali hilo, na kwa maoni yetu wanafunzi hawana kosa. Wamekisoma Kiswahili kama kilivyo. Aliyekosa ni mfasiri.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lieleweke. Kanzidata, licha ya kutunza data, yaweza kutunza pia mfululizo wa amri uliopewa jina. Programu haina haja ya kuziandika amri hizo. Hutaja jina, hukabidhi vigezo, nayo kanzidata hutenda kazi yote huko huko na kurudisha jibu.

Tuchukue mfano wa mchimbaji mdogo wa Kharumwa aliyepeleka dhahabu katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Wakati huo mrabaha ulikuwa asilimia 6 ya thamani, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Yaani kwa dhahabu ya shilingi 1,000,000 alitoa shilingi 70,000. Tuseme hesabu hiyo imeandikwa ndani ya programu ya kila dirisha. Sheria ikibadilika, kama ilivyobadilika mapema mwaka huo huo ilipowaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, hapana budi kila programu irekebishwe, na moja ikisahauliwa mchimbaji atatozwa asichodaiwa. Hesabu ikikaa katika kanzidata, hurekebishwa mara moja tu. Lakini hapo mkaguzi naye hana budi kujua kwamba kiwango kinachotozwa hakimo katika programu aliyopewa aikague. Istilahi ndiyo ingemwonyesha pa kutazama.

"Uliohifadhiwa" haimwonyeshi. Kwa mkazi wa Geita hifadhi ni Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977: mahali pasipoguswa ovyo. Kilichohifadhiwa kimewekwa kando kisiharibike, ilhali utaratibu tunaousema hutenda kazi mchana kutwa. Tena ni maelezo, siyo jina. Mfasiri akiyatia katika wingi hujikuta na "taratibu zilizohifadhiwa zilizoitwa", maneno ambayo hata aliyeyaandika huyasoma mara mbili.

Maadamu kanzi ni hazina, na neno kanzidata limekwisha kuzoeleka, twapendekeza "utaratibu wa kanzini". Wingi wake hauna taabu, na lataja mahali, ambalo ndilo jambo mkaguzi alilolikosa.

Kiwango cha kimataifa cha lugha ya SQL kilipoongezewa sehemu ya taratibu hizi mwaka 1996, kilitumia kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuita, na wafasiri wakakifuata. Kwetu aitwaye huja. Mtoto akiitwa akabaki jikoni, ameitika tu. Tulifikiri "kuagiza", tukaliacha: mwenye kuagiza soda huletewa soda, nasi tungerudi pale pale. Neno tulilolichagua ni "kutendesha". Walimu wa sarufi, waliozoea kuifundisha kauli yenye jina hilo, huenda wakatabasamu, lakini maana ni hiyo hiyo, kumfanya mwingine atende. Kwa kazi zilizomo ndani ya programu yenyewe hatuna ugomvi na "kuita".

Basi mwalimu wetu aweza kuandika ubaoni hivi: "Programu hutendesha utaratibu wa kanzini wenye jina hesabu_mrabaha, huukabidhi vigezo viwili, uzito na bei, kisha hupokea kiasi cha kulipwa."