Kugombea Mtaa na Kujitolea kwa Mtaa: Uhakiki wa Filamu ya "Rafiki"

Mhakiki aliyezoea riwaya, tamthilia na ushairi huenda akauliza filamu ina nafasi gani katika kurasa hizi. Jibu letu ni fupi. Filamu nayo ni matini: ina msuko, wahusika, mandhari na lugha. Isitoshe, filamu ya "Rafiki", iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu na kuonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2018, ina jina la Kiswahili ambalo peke yake lastahili kuchunguzwa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha hilo, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo ilipigwa marufuku nyumbani kwa sababu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Tarehe 21 Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakaenda kuitazama kwa wingi.

Tangu hapo mengi yamesemwa juu ya mapenzi hayo, kwa sifa na kwa laana. Makala haya yanakusudia kushughulikia jambo jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linaloubeba msuko wote: suala la uongozi wa mtaa. Tunadai kwamba "Rafiki" ni kisa cha mtaa unaotafuta kiongozi, na kwamba swali lake kuu ni hili: anayetaka kuwaongoza majirani anamhesabu nani kuwa jirani?

Kisa chenyewe si kigumu kukisimulia. Kena ni binti wa John Mwaura, mwenye duka dogo. Ziki ni binti wa Peter Okemi, mtu mwenye mali zaidi. Wazee hawa wawili wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi katika bunge la kaunti. Ziki na wenzake wanachezea mabango ya kampeni ya John, Kena anawakimbiza, na kutoka ugomvi huo wa karatasi unazaliwa ujuzi, kisha urafiki, kisha mapenzi. Mahali pao pa siri ni gari bovu lililotelekezwa. Siri inafichuka, umati unawapiga, polisi wanawachukua, na akina baba wanaitwa kuja kuwatoa. Ziki anapelekwa London. John anakataa kumtwika bintiye lawama, ijapokuwa msimamo huo unamnyima nafasi ya kushinda uchaguzi. Miaka inapita, Kena anakuwa daktari, na Ziki anarudi.

Chimbuko la filamu ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo imeandikwa kwa sauti ya msichana anayemwandikia mwenziwe aliyepelekwa ng'ambo, na mandhari yake ni mtaa wa nyumba za kupanga mjini Kampala. Filamu imeuhamishia mtaa huo Nairobi na kuuweka katika msimu wa kura. Uamuzi huu wa kifani una maana kubwa. Barua husomwa na mtu mmoja. Kampeni hutazamwa na mtaa mzima. Yaliyokuwa siri ya wawili yamewekwa chini ya macho ya wapiga kura, na kila tendo la binti linahesabiwa katika daftari la baba.

Hapa hatuna budi kugeukia lugha. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo watu huvitumia kwa mtu atakaye uongozi: kugombea na kujitolea. Kugombea ni kauli ya kutendea ya kugomba. Agombeaye hugombana na mwingine kwa ajili ya kitu, na kitu hicho ni kiti. Kujitolea kunatokana na kutoa: kuna kutoa, kuna kutolea, kisha kuna kiambishi kirejeshi ji- kinachomfanya mtendaji awe ndiye kitu kinachotolewa. Ajitoleaye hujitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya wengine. Mofolojia imekwisha kutufundisha siasa: katika kitenzi cha kwanza mtaa ni kitu kinachoshindaniwa, na katika cha pili mtaa ni wapokeaji.

Tukiitazama filamu kwa jicho hili, twaona kwamba Okemi na Mwaura wote wawili wanaanza kama wagombea. Tofauti yao ya awali ni ya mfuko tu. Tofauti ya kweli inadhihirika pale polisi. Okemi anaokoa jina lake kwa kumwondoa mwanawe machoni pa watu. John anasimama na wake, na kwa kufanya hivyo anaacha kugombea. Kinaya kilichopo ni hiki, kwamba John anatenda tendo lake la kwanza la uongozi wakati uleule anapoupoteza uongozi. Kabla ya hapo aliomba, sasa anatoa.

Hata hivyo hatukubaliani na watazamaji wanaomwona John kuwa kiongozi aliyekamilika. John anamtetea bintiye. Je, angalimtetea mtoto wa mwingine? Katika mtaa huohuo yupo kijana mmoja, Tom, ambaye hudhihakiwa na kupigwa, naye karibu hasemi neno filamu nzima. Baada ya Kena kupigwa, vijana hawa wawili wanaketi pamoja kimya. Ni mandhari bora kuliko zote katika filamu, kwa kuwa kimya chao ni mkutano wa kwanza wa chama ambacho hakijapata jina. Lakini filamu inawaacha papo hapo. Hakuna mzee wa mtaa, wala mgombea, wala mchungaji anayekuja kuketi nao. Upendo wa damu ni mwanzo wa uongozi, bali si uongozi. Kiongozi hujulikana kwa asiyemzaa.

Mtu mwenye mamlaka halisi katika mtaa huo hakuchaguliwa na yeyote. Ni Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula. Yeye ndiye anayejua nani kaonekana na nani, na neno lake lafika haraka kuliko bango lolote. Filamu imemsawiri kwa ucheshi, lakini ucheshi huo una makali: umbeya katika mtaa huu ni taasisi, nayo ndiyo inayoleta umati. Mwishoni, Mama Atim anakuwa mgonjwa mikononi mwa Daktari Kena. Wengine wameiona hali hiyo kuwa haki ya kishairi. Sisi twaiona kuwa udhaifu. Kena amepata heshima kwa kupanda, akawa wa lazima kwa waliomtemea mate. Na asiyepanda je? Ujirani unaodai shahada ya udaktari kabla ya kumsamehe mtu si ujirani bado.

Tusidhani kwamba chama kisichokuwa na jina ni jambo la filamu tu. Nchini Kenya kwenyewe kundi la watu walijitolea kuanzisha shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikakataa jina lao kwa sababu ya maneno hayo mawili. Eric Gitari alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema kwamba kuwanyima usajili ni ubaguzi. Ikumbukwe kwamba sheria za jinai zinazokataza matendo yenyewe hazikufutwa. Mahakama Kuu ilizithibitisha mwezi wa Mei 2019. Kilichoamuliwa ni haki ya kukutana na kuwa na jina. Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya inampa haki ya kujiunga na wenzake "kila mtu", na kesi nzima, ukiitazama kiisimu, ilikuwa kesi juu ya maana ya nomino "mtu".

Wapo walioilipia nafasi hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Mwalimu David Kato, mmoja wa viongozi wa shirika la Sexual Minorities Uganda, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011, miezi michache baada ya gazeti moja la Kampala kuchapisha picha na majina ya watu liliodai kuwa mashoga. Mbali na kwetu, mjini San Francisco, mwenye duka la kamera aitwaye Harvey Milk alianza kwa kuwakusanya wenye maduka wa mtaa wa Castro katika chama chao katika miaka ya 1970. Akachaguliwa kuwa diwani mwaka 1977 na kuuawa tarehe 27 Novemba 1978. Twamtaja kwa sababu naye, kama John Mwaura, alikuwa mwenye duka. Duka la mtaa ni shule ya uongozi: muuzaji hawezi kuchagua ni jirani yupi atakayenunua chumvi kwake. Ila Milk alivuka hatua ambayo John hakuivuka, akasimama kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Msomaji wa Lubumbashi atauliza haya yanatuhusu nini. Nilipowasimulia wanafunzi kisa cha filamu hii, mmoja aliuliza kwa Kiswahili cha mji wetu: "Bale ni bantu ya kwetu?" Darasa lilicheka. Swali, hata hivyo, halikuwa la kuchekwa, maana mji huu umeliuliza mara nyingi, na majibu yake tunayajua.

Mwezi wa Desemba 1957 wakazi Waafrika wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua viongozi wa komini zao. Washindi wengi walikuwa na asili ya nje ya Katanga. Badala ya kuulizwa kama wanafaa, waliulizwa kama ni wa hapa. Mwaka uliofuata vyama vya kikabila viliungana kuunda Conakat. Swali hilohilo lilirudi mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao kwa maelfu mengi. Walikuwa wamezaliwa hapa, wamefanya kazi hapa, wamezika wazazi wao hapa. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wamepewa jina kwa Kiswahili chetu wenyewe: "bilulu", yaani wadudu. Mwanaisimu hana ruhusa ya kulipita neno hilo haraka. Limewahamisha watu kutoka ngeli ya mtu hadi ngeli ya kitu, na katika ngeli hiyo mpya hakuna jirani.

Hatusemi kwamba masaibu haya mawili ni mamoja. Sheria ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2006 inaifungia ndoa katika mume na mke. Na chuki ya kabila ina historia yake. Tunachosema ni kwamba njia ni moja. Kwanza hutolewa jina, kisha umbeya hulisambaza, kisha umati huja, na mwishoni mgombea hukaa kimya akihesabu kura. "Rafiki" imeionyesha njia hiyo hatua kwa hatua katika mtaa mmoja, na mtu wa Lubumbashi anaitambua bila mkalimani.

Tunao pia mfano wa njia nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, "Vocabulaire de la ville d'Elisabethville", kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Jina la kitabu ni la Kifaransa, lakini matini ni ya Kiswahili cha hapa. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, na tangu hapo wataalamu wengi wameifanyia kazi. Watumishi wale walikuwa watu waliopita katika kila nyumba bila kuhesabiwa katika nyumba yoyote. Chama chao hakikungoja mwingine aseme wao ni nani, kilitwaa kalamu. Huko ndiko kujitolea katika maana yake kamili, na ndiko Tom wa "Rafiki" hakupewa nafasi ya kufika.

Tumalizie kwa jina la filamu. Mwongozaji ameeleza kwamba alilichagua kwa kuwa watu wa jinsia moja wapendanao hawawezi kumtambulisha mwenzi kwa jina lake la kweli, basi husema tu "rafiki". Pwani, neno "shoga" nalo lina nyuso mbili: mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenziwe ampendaye kwa urafiki, na watu haohao hulitumia kwa mwanamume apendaye wanaume. Yaani Kiswahili kimeficha watu hawa ndani ya msamiati wa urafiki kwa muda mrefu. Kuna waliosema kwamba maneno hayo yamechafuliwa. Twaona ni afadhali kusema kwamba maneno hayo yamewahifadhi watu pale ambapo mtaa haukuwahifadhi.

Kasoro za filamu tumezitaja: inampandisha Kena badala ya kuugeuza mtaa, na inamwachia John sifa ambazo hajazikamilisha. Lakini inaliuliza swali ambalo riwaya nyingi za Kiswahili juu ya uchaguzi hazijaliuliza. Tunaipendekeza isomwe katika madarasa ya fasihi sambamba na matini ya André Yav, na mwanafunzi aulizwe, katika kila moja, ni nani anayegombea na ni nani anayejitolea. Yule aliyeuliza kama bale ni bantu ya kwetu atakuwa na kazi ya kutosha kwa muhula mzima, na mwalimu wake pia.