Usifomati Kwanza

Flashi ikichomekwa na kompyuta ikasema sharti ifomatiwe kabla ya kutumika, hiyo si tiba. Ni mashine inayokiri kwamba haielewi ilichokiona, na kwa kutoelewa kwake inaomba ruhusa ya kufuta. Wengi wetu hubonyeza ndiyo. Ninaotaka kuwasifu hapa ni mafundi wasiobonyeza.

Nakuru wapo, japo si wengi. Utawakuta katika vibanda vyembamba vya katikati ya jiji, kati ya chaja na vioo vya simu, kila mmoja na laptopu yake ya ex-UK iliyofutika herufi, inayoendeshwa na Linux. Hawakuichagua kwa ushabiki. Kwanza ni ya bure, na cha bure hakihitaji utetezi mbele ya mtu anayedaiwa kodi ya kibanda. Lakini sababu kubwa ni kwamba Linux husema kinachotokea, kwa yeyote aliye radhi kusoma.

Nimemtazama mmoja wao akimhudumia mwanafunzi aliyetoka Njoro na tasnifu yake ndani ya flashi iliyogoma. Hakuanza na flashi. Aliandika dmesg -w, amri ya kuonyesha ripoti za mfumo, akangoja mistari itulie, ndipo akaichomeka. Mfumo ukaripoti kwamba umeona kifaa kipya, kisha ukaishia kwenye error -71.

"Imeitika, dada," akasema, "lakini maneno yanakatika."

Ndivyo ilivyo hasa. Namba 71 ni hitilafu ya mawasiliano. Ingekuwa 110, maana yake mashine imengoja jibu hadi muda ukaisha. Na kama kusingetokea mstari wowote? Flashi hujitangaza kwa kuinua volti kwenye waya mmoja wa data kupitia rezista ya omu 1,500, kama mwanafunzi anavyoinua kidole darasani. Kidole kisipoinuka, hakuna amri ya kibodi itakayofaa kitu. Hapo mtu hushika mita akatafuta volti 5 zimeishia wapi.

Basi akaiacha kibodi, akashika tochi. Ndani ya mdomo wa flashi mna vijibati vinne. Viwili vya kando ni vya umeme, na ni virefu kidogo kuliko viwili vya kati vya data, ili umeme utangulie kufika. Vile vya kati vilikuwa vimevaa vumbi, lile jepesi la udongo wetu wa volkano ambalo kiangazi cha Januari na Februari huingia kila mahali, hata kwenye sukari. Akapitisha pamba yenye spiriti, akangoja pakauke, akabadilisha tundu. Safari hii likatokea jina: sdb.

Fundi mwenye pupa angeanza kufungua mafaili papo hapo. Huyu hakufungua hata moja. Flashi iliyoyumba mara moja huenda isiamke tena, kwa hiyo aliinakili yote kwa ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaziacha korofi za kurudiwa baadaye, huku ikiandika mahali ilipofika ili kazi iendelee hata umeme ukikatika. Na umeme wetu twaujua. Yote yaliyofuata, hadi tasnifu ikapatikana, aliyafanya juu ya nakala.

Kukataa kufomati si dini, lakini. Kondakta wa matatu ya Naivasha huleta flashi mpya ya gigabaiti 64 akisema imekufa, kwa kuwa redio ya gari haiioni. Haijafa. Flashi za ukubwa huo mara nyingi hutoka dukani na mpangilio wa exFAT, na redio nyingi za magari hujua FAT32 tu. Linux yenyewe haikuwa na exFAT ndani ya kiini chake hadi toleo la 5.4 la mwaka 2019, baada ya Microsoft kuchapisha maelezo yake Agosti mwaka huo. Flashi ni tupu, hakuna cha kupotea: ifomatiwe, iwekwe nyimbo, gari liondoke.

Kazi chungu ni ile ya flashi za uongo, zile za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Chipu ya kila flashi ya aina hiyo imefundishwa kudanganya, na lsblk, amri ya kuorodhesha diski, huamini na kuandika ukubwa inaoambiwa. Majina ya picha za harusi za mteja yote yapo, ila picha zenyewe hazifunguki, kwa sababu hazikupata pa kukaa tangu siku zilipohifadhiwa. Fundi hunakili kinachonakilika, kisha huipima flashi kwa programu ya f3probe, na ukubwa wa kweli ukatokea: gigabaiti chache. Hakuna amri ya kurudisha kisichowahi kuandikwa. Mteja akinung'unika kwamba hajapata kitu, fundi humgeuzia kioo ajisomee tarakimu, kisha humwomba shilingi mia mbili za muda wake. Mimi naona anajipunja.